Namtetea Padri na Mkono Wake Mbaya

Anayefungua kitabu cha zamani cha ubatizo hapa Likasi, akimtafuta babu yake, huanza kwa kumsengenya padri. Mwandiko gani huu? Mtu katoka abasia ya Saint-André kule Bruges, kavuka bahari, kasoma teolojia, Kilatini anakijua, halafu anaandika kama anayefukuzwa na nyuki! Mimi namtetea. Tena nasema mkono mbaya wa padri ni shahidi bora kuliko nakala safi ya kompyuta, kwa sababu penye mashaka, mashaka yanaonekana.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Wabenediktini wa Bruges waliingia Katanga mwaka 1910, na Sheria ya Kanisa ya 1917 ikamtaka kila paroko atunze vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na wafu. Mbele ya meza wakajipanga wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, kutoka Lomami, Kasai, Rwanda, hata Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na jina ambalo sikio la Mbelgiji halijapata kulisikia. Padri akaandika alichosikia, foleni ikiwa ndefu. Sasa chukua Mumba. Katika mwandiko wa haraka, u na m ni vijiti vitano vilivyosimama wima. Doa la wino likiangukia kati yake, Mumba anakuwa Mwamba, na mjukuu anarudi nyumbani na ukoo wa watu wengine, karidhika kabisa. Akikuta 7bris, anaandika Julai bila wasiwasi, kumbe ndivyo Kilatini cha zamani kilivyofupisha Septemba, kwa kuwa septem ni saba. Basi mtoto wa mwezi wa Agosti kabatizwa kabla hajazaliwa. Anamtafuta Étienne siku nzima wakati Stephanus, jina lilelile kwa Kilatini, anamtazama kutoka juu ya ukurasa, na Jacques kajificha ndani ya Jacobus. Hapo sijataja wale ambao nyumbani hakuna anayekumbuka jina lao la Kikristo, kwa sababu Rais Mobutu aliyapiga marufuku majina hayo mwaka 1972.

Utasema: basi yote hayo yapigwe chapa upya, tusome kwa raha. Hapo ndipo ninapokataa. Padri aliyembatiza mtu mzima alimtazama usoni, akakisia umri, akaandika circ. 1905, yaani kama 1905 hivi. Kile kifupisho ni ungamo. Mpiga chapa hakielewi, anakiacha, na kisio la padri linageuka mwaka kamili wa kuzaliwa, wa kujazia fomu. Jina lililokatwa na kuandikwa juu yake jingine, kwenye nakala hubaki moja tu, limenyooka, halina historia. Na kuna herufi zisizofaa kukisiwa ovyo. Pacha anayeitwa Kabange kwa Waluba wa Katanga, kwa Waluba wa Kasai ni Kabanga. Tofauti ni mkia wa herufi ya mwisho, na mji huu, ambao mwaka 1992 uliwaona wenye asili ya Kasai wakifurushwa majumbani na kulala stesheni wakingoja treni, haufundishwi na mtu uzito wa asili. Kitabuni mkia ule ukififia, utasita. Kwenye nakala utakuta a iliyonawiri, nawe hutasita hata kidogo.

Mwandiko mbaya, isitoshe, una ufunguo wake. Kila mstari wa mtoto wa kiume padri ameandika natus, alizaliwa. Neno hilo fupi lina n na lina u, yaani herufi mbili zinazotutesa kuliko zote, kwa mkono uleule. Lisome mara ishirini, kisha umrudie babu. Pembeni napo usipapite: sheria ileile iliagiza ndoa iandikwe kando ya ubatizo, kwa hiyo jina lililoharibika mstarini huenda limerudiwa pale miaka baadaye, na padri mwingine mwenye mbavu za herufi zilizonyooka.

Pingamizi zito ni hili: hata mkono ungekuwa mzuri, sikio lilikosea, na ni heri kuwauliza wazee. Nakubali kuhusu sikio. Kuhusu wazee nakubali nusu, maana ukiwasikiliza wote, Katanga nzima ilikuwa na machifu watupu na hakuna aliyebeba mzigo. Lakini kitabu na mzee wanafaa kukutanishwa. Mzee macho yamechoka, usimpe kitabu. Msomee jina kwa sauti, kama lilivyoandikwa, kwa Kifaransa cha padri, na tsh zake na ou zake zote. Akicheka na kulirudia vizuri, andika upesi. Akinuna, jaribu mstari unaofuata. Huenda hilo lilikuwa la mkwe wake.