Gia ya Tano ya Kwendea Wapi?

Unguja hakuna mlima. Kuna Masingini, ambako tunakuita kilimani kwa adabu tu, na huko nako hakufiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Kisiwa chenyewe, ukikikamata kutoka ncha ya Nungwi mpaka Kizimkazi, ni kilomita 85 hivi. Kwa hiyo mtu akiniambia Vespa yake inamchosha kwa kukosa gia ya tano, nna haki ya kumuuliza anakwenda wapi. Nimemuuliza. Kaniambia mie sijui mambo ya gia.

Mie! Abiria wa nyuma wa Vespa hiyo hiyo tangu siku niliyoolewa, mtoto mmoja mbele kasimama kashika usukani, mwengine kabanwa katikati, kikapu cha sokoni mapajani. Najua kwamba injini imening'inizwa upande wa kulia na chombo chote kinalalia huko, ndiyo maana nakaa nusu kushoto. Gia zake nazijua kwa kiuno: ya kwanza inagutua, ya pili inalalamika, ya tatu inakubali, na ya nne, tukiibahatisha, inanong'ona. Watu wengine wanazijua kwa kusoma.

Hoja yake lakini nitaieleza, nisije nikaambiwa nimeficha. PX 150 yetu ni ya miaka ya 1980, ya gia nne, na nguvu zake hazifiki za farasi kumi. Baina ya tatu na nne pana pengo. Ukitia ya nne, mzunguko wa injini unaanguka, na kama pana kaskazi usoni au mke mwenye afya nyuma (la pili kalisema yeye), injini haivuti tena. Unarudi ya tatu, inapiga kelele. Unatia ya nne, inakata tamaa. Sasa kuna Wazungu wanaopenda skuta za zamani ambao wametengeneza giaboksi za gia tano zinazoingia ndani ya kasha lile lile la asili. Hatua za gia zinakuwa fupi fupi, injini haipotezi pumzi.

Nikasema nimefahamu, ila hiyo ya tano itatupeleka mbio zaidi? Akakohoa. Kwenye seti aliyoichagua, ya tano inakaribia kuwa sawa na ya nne ya zamani. Mamia ya yuro yanatoka nyumbani kwangu ili tufike pale pale, kwa kusokota mkono mara moja zaidi.

Aliyekibuni chombo hiki, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Zilikuwa zinachafua nguo na kuzipanda ni mtihani. Kwa hiyo kampuni ya Piaggio ya Italia ilipotoa Vespa mwaka 1946, injini ilikuwa imefunikwa bati, mbele pana uwazi wa kupitisha miguu bila kurusha paja, na gia ziko mkono wa kushoto badala ya mguuni. Gia zenyewe tatu. Ya nne ilikuja na GS 150 ya mwaka 1955, na PX ilipotoka mwaka 1977 bado zilikuwa nne. Mwenye kanzu anapanda, mwenye buibui anapanda, oili haimgusi mtu. Sidhani kama bwana yule aliwahi kutufikiria sisi wa Jang'ombe, lakini katushona kwa kipimo chetu. Naye baba watoto, ambaye feni ya ukumbini imemshinda mwaka wa pili, ndiye wa kumsahihisha mtu wa helikopta.

Giaboksi ilikuja kwenye sanduku la wifi yangu kutoka London. Mie niliagiza bati za keki, zile za chini kunakotoka. Sanduku likafunguliwa, nikaona kitu kimeviringwa taulo mbili, kizito, nikajipa moyo. Likatoka rundo la vyuma vyenye meno. "Kilo zilijaa, wifi yangu," akaniambia, na macho kayapeleka darini. Zilijaa kwa nani?

Fundi aliitwa kutoka Mwanakwerekwe, maana mwenye mali hakukubali chombo kilale gereji. Injini ya Vespa kwa mbele inashikwa na bolti moja refu, na chumvi ya pwani ilikuwa ishafunga nalo ndoa. Walilipiga nyundo, wakalimwagia oili, nasikia hata aya ilisomwa. Lilipotoka, injini ikalazwa kwenye kipenu changu, juu ya khanga ambayo nilikuwa bado naivaa, ikapasuliwa nusu mbili.

Humo ndani, nakiri, pana jambo la kutazama. Gia zimepangwa kwenye mtaimbo ulio wazi katikati, na ndani ya mtaimbo kuna kichuma cha mikono minne wanachokiita msalaba. Ukisokota mkono kule juu, waya zinavuta, msalaba unateleza kutoka gia moja hadi nyengine. Inayoshikwa ndiyo inayozungusha tairi, zilizobaki zinazunguka bure. Ncha za msalaba zikilika, gia inaruka yenyewe, na mie ndiye ninayepigwa kidevu na mgongo wa mtu. Sasa watano watakaaje chumba cha wanne? Kwa kukonda. Fundi aliishika gia mpya baina ya vidole viwili, akaiweka pembeni ya ile ya zamani, akanigeukia mie.

"Shemeji, huoni nyembamba?"

Nikamwambia amuulize mwenye milima.

Kwenye friza yangu, ubavuni mwa ngisi, nikakuta mfuko umefungwa fundo. Beringi. Zinagandishwa zisinyae, na kasha lipashwe moto litanuke, ili viingiane bila nyundo. Kasha lenyewe lilikuwa juu ya jiko langu la gesi. Wanaume wawili wamelisimamia, hakuna anayejua limeiva au bado, mmoja kanyoosha kidole anataka kuligusa. Nikawasogeza. Nikadondosha tone la maji juu ya alumini, kama nipimavyo chuma cha chapati. Likachachatika, likakimbia, likatoweka. "Tieni," nikasema. Beringi ikazama mpaka mwisho, tii, kwa uzito wake. Fundi akasema mashaallah. Mwenye mali akasema hivyo ndivyo alivyosoma. Ngisi wale nililazimika kuwaosha mara tatu na bado mtoto aliuliza kwa nini mchuzi unanuka gereji.

Basi tuna gia tano. Kwenye usukani namba zimeandikwa mpaka 4. Ya tano haina namba, iko huko ng'ambo, na kuifikia lazima kifundo cha mkono kisokotwe mpaka kiwiko kinatoka nje na mkono wa klachi unavikimbia vidole. Na aifikie wapi? Jang'ombe mpaka Darajani pana matuta, daladala linasimama popote linapopendezewa, gari la ng'ombe lina haki zake. Ya tatu yenyewe tunaipata kwa dua. Kwa hiyo siku hizi tukienda Darajani tunapitia njia ya Fumba. Asiyeijua Unguja aelewe: Darajani ni upande huu, Fumba ni upande ule. Lakini njia ya Fumba imenyooka, na gia ya tano inataka ifunguke. Nimetoka kununua ndimu nikaona minazi isiyonihusu. Harusi ya Kikwajuni, ambayo ningeifikia kwa mguu, nimeifikia bibi harusi keshatolewa, na vumbi kichwani, kwa sababu tumepita kiwanja cha ndege.

Fundi naye kazidisha. Anasema gia tano hazioni raha na injini ya kawaida. Zinataka silinda ya sisi 177, silinda inataka kabureta kubwa, kabureta inataka sailensa nyengine, na mbio hizo zote zinataka breki ya diski. Bwana ameanza kunong'ona na dada yake kwenye simu baada ya isha.

Nimemuwahi. Nimempigia wifi asubuhi, kwa upole, nikamkumbusha nani aliyemlea mwanawe likizo nzima. Bati tatu za keki, mashine ya kukandia unga, mizani ya jikoni, na mapazia ya ukumbini. Kilo 23 zimeshapata mwenyewe. Silinda na isubiri kaskazi, ije kwa jahazi.