Muulize Mzee wa Ramani

Shikamoo Mzee. Nina ramani ya nyumba ya ghorofa ambayo vipimo vyake nimevipa mtindo uitwao ISO-25, nikaurekebisha hata roho ikakinai. Nilipovinakili vipimo vile na kuvibandika katika ramani nyingine ya AutoCAD, vikageuka sura: mishale ikavimba, maandishi hayasomeki. Je, nimerogwa? – Macho Mekundu, Ilala.

Marahaba, mwanangu. Hukurogwa, wala kompyuta yako haina pepo. Lililokusibu ni jina. ISO-25 ni mtindo ambao kila ramani iliyoanzishwa kwa kiolezo cha acadiso huzaliwa nao, na kwa hiyo ramani uliyoiendea ilikuwa na ISO-25 yake kabla vipimo vyako havijapiga hodi. Na kanuni ya programu hii ni kwamba majina mawili yakilingana, ya mwenyeji ndiyo hufuatwa, na ya mgeni hutupwa pasi na kuombwa radhi. Hata ukipitia mlango wa heshima, yaani DesignCenter, uliopo tangu AutoCAD 2000 na unaofunguliwa kwa Ctrl na 2, ukauburura mtindo wako kwa adabu zote, utaarifiwa kwa mstari mmoja chini ya skrini, ambao aghalabu hakuna ausomaye, kwamba yaliyofanana yamepuuzwa. Basi rudi katika ramani ya kwanza, uupe mtindo wako jina lisilo na mwenziwe, ndipo uuchukue. Ila usiuite "Mpya": nimeona ofisi yenye Mpya, Mpya2 na Mpya-Kabisa, na hapakuwa na ajuaye upi ndio wa kutumiwa.

Mzee, nasaha yako nimeifuata na mtindo umefika salama, lakini kimo cha maandishi nikiandika 2.5 hakitii. – Yule yule.

Mtindo wa vipimo hausafiri peke yake. Huandamana na mtindo wa maandishi, na huo wako, kwa dhana yangu, unaitwa Standard, jina lisilokosekana katika ramani yoyote. Kwa hiyo vipimo vyako vinatumia Standard ya mwenyeji, ambayo mtu fulani, Mungu amsamehe, aliiwekea kimo maalumu. Na kimo kikiisha kuwekwa humo, kile cha mtindo wa vipimo hakina amri tena. Kifanye sifuri, au, lililo bora, maandishi yako nayo uyape jina lake.

Mzee, kunakili huku nitakufanya kila nianzapo ramani, hata lini? – Mvivu, Tanga.

Hata siku utakapohifadhi ramani moja tupu, yenye mitindo yako na isiyo na kuta za mtu, iwe kiolezo cha .dwt.

Ama wale wavipasuao vipimo kwa EXPLODE kisha wakaandika tarakimu kwa mkono, tafadhali wasiniandikie: ukuta ukisogezwa, tarakimu zao hubaki vilevile, na fundi hujenga alichokisoma.