Kiti cha Dirishani

Wanaoruka kwenda London huumiza kichwa wiki nzima: waketi safu ipi ili bawa lisiwazibie mandhari? Sisi wa matatu ya Nairobi kwenda Eldoret hesabu hiyo tulishaimaliza. Ni kushoto. Longonot, Naivasha, Elmenteita, Ziwa Nakuru, vyote viko upande huo. Jua la alasiri nalo liko huko huko, likikuchoma shavu moja.

Ukishapita Salgaa, mpando wa Sachangwan unampa wa kulia zamu yake: malori yakiteremka kumjia usoni, breki zikinuka. Hapa ndipo lori la mafuta lilipowaka tarehe 31 Januari 2009 na kuua watu zaidi ya 100. Abiria wengi huchagua kutazama magoti yao.

Juzi niliwahi kushoto, nikajiona mjanja. Kumbe kioo kimebandikwa picha ya mchezaji mpira, uwazi pekee ukiwa kwenye tundu la pua. Nikafungua dirisha.

“Kijana, funga hapo, baridi inaingia,” akasema mama wa nyuma, leso hadi masikioni.

Nikafunga. Msitu wa Mau nimeuona kupitia puani.