Hotuba ya Bingwa wa Masikio Yanayovuma

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, mabibi na mabwana! Mmekuja kujua kwa nini masikio yenu yanavuma. Tutafika huko. Kwanza itazameni suti hii. Fundi aliambiwa apanue mfuko wa kifuani ili stethoskopu, aliyoibuni Mfaransa Laennec mwaka 1816, ionekane mpaka viti vya nyuma. Kuitumia? Upanga wa mfalme hauchinji kuku.

Haya, maswali. Mama mwenye kanga nyekundu anasema sikio lake la kulia linadunda sawia na mapigo ya moyo. Mama, punguza mawazo! Nesi pale mlangoni anadai mvumo wa namna hiyo aghalabu hutoka kwenye mishipa ya damu, na kwamba wakati mwingine daktari akiweka stethoskopu shingoni au nyuma ya sikio, naye anausikia. Nesi, keti. Chombo hiki ni cha kupigia picha.

Kijana huyu anasikia tik-tik-tik, na jirani yake anaapa kwamba anaisikia pia. Basi wagonjwa ni wawili! Nesi kasimama tena: ati misuli ya kaakaa huweza kujikaza yenyewe, ikatoa mlio unaosikika hata kwa aliye karibu. Nani aliyemwalika huyu?

Mzee wangu, shikamoo. Unasema ukizungusha macho, unayasikia yakikwaruza? Mzee, macho hayana sauti. Nenda kapimwe miwani. Nesi anasema huenda mfupa unaofunika mfereji wa juu wa sikio la ndani una tundu, na kwamba Lloyd Minor na wenzake waliueleza ugonjwa huo huko Marekani mwaka 1998. Mwaka 1998! Mimi nilikuwa bingwa tayari, na hakuna aliyenipa taarifa!

Nitazameni mimi. Masikio yangu ni mazima kabisa. Nasikia makofi usiku na mchana, hata nikiwa bafuni peke yangu. Yalianza mwezi ule nilipoanza kubugia aspirini kwa viganja, maana kichwa chenye elimu hakikosi kuuma.

Ndiyo, nesi, malizia. Aspirini nyingi huvumisha masikio? Nikamwone daktari anipunguzie, na kwa kawaida kelele zitakoma?

Zikome! Nesi, unataka nibaki bila mashabiki?