Barua ya Wazi kwa Seneti: Ombi la Kuutambua Rasmi Upishi wa Data

Kwa: Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti ya Chuo

YAH: KUUPA UPISHI WA DATA HADHI YA KOZI KATIKA SHAHADA YA UHANDISI WA UMEME NA KOMPYUTA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne katika shahada iliyotajwa. Naandika peke yangu, kwa sababu wenzangu wanasubiri matokeo ya mitihani ya mwisho (UE) na hawapendi majina yao yaonekane kwenye karatasi yoyote inayopanda jengo la utawala. Jina la chuo nimeliacha pia. Si kwa woga, ni kwa haki: nisije nikakipa chuo kimoja sifa ambayo vingi vina mgao wake.

Kwanza, pongezi. Kila mahafali hotuba husema wahitimu wetu wamebobea katika mifumo ya umeme, mawasiliano na kompyuta. Kwa unyenyekevu wenu, hotuba hizo hazijawahi kuutaja ustadi ambao kila mhitimu wa idara yetu huondoka nao, awe wa GPA 4.6 au aliyevuka kwa mtihani wa sapu huku disko, yaani kuondolewa chuoni, ikimchungulia dirishani. Ustadi huo, Upishi wa Data, ni wa kutoa vipimo kwenye kifaa ambacho hakijawashwa.

Chukueni mota ya induksheni iliyoko meza ya nne, Maabara ya Mashine. Mota hiyo ilifariki kabla majina yetu ya udahili hayajatoka. Fundi sanifu wa maabara, mzee tunayemheshimu sana, huwapeleka wanafunzi wapya mbele yake, akavua kofia, akasema, "Wanangu, hii ndiyo mota." Kisha huwagawia karatasi ya maelekezo ya jaribio. Mota yenye ncha nne, ikilishwa umeme wa hezi 50, ina uga sumaku unaozunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota lazima ibaki nyuma kidogo, la sivyo haipati nguvu ya kuzungusha kitu. Ukiipa mtelezo wa asilimia 4 unapata 1,440. Basi kwa miaka yote ya umauti wake mota yetu imeendelea kuzunguka mara 1,440 katika ripoti za wanafunzi. Kwa grupu hili 1,437, kwa grupu lile 1,443. Grupu linalojiheshimu haliandiki 1,440 kamili.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na naomba wajumbe wasiudharau. Anayeanza huandika namba za kitabuni kama zilivyo, akakamatwa. Aliyeiva huanzia kwenye jibu, akarudi kinyumenyume hadi kwenye swali. Anachora mstari wa nadharia, anasogeza nukta hii juu na ile chini kwa asilimia mbili au tatu, anaiacha moja mbali kabisa ili ionekane imepotea yenyewe, na akifika sehemu ya Majadiliano anaitupia lawama paralaksi. Kwa wajumbe wanaotoka fani nyingine, paralaksi ni kosa la jicho linalotazama mshale wa mita kwa upande. Tumeilaumu hata pale mita ilipokuwa ya dijitali, isiyo na mshale wowote. Hakuna aliyewahi kuuliza, na marks zilitoka.

Msingi, lazima niwe mkweli, hamkuuweka ninyi. Uliwekwa sekondari, kwenye praktiko ya penduli, ambako kila mtoto anajua kuwa jibu ni 9.8 kabla hajafunga uzi. Ninyi mmeupandisha hadi ngazi ya shahada. Ni mwendelezo pekee wa mitaala ninaoufahamu unaokwenda vizuri bila semina elekezi wala posho.

Upande wa kompyuta nao haujabaki nyuma. Kifaa cha kujifunzia maikroprosesa tunachokiona kabatini ni cha Intel 8085, iliyotoka 1976, na sina ugomvi nayo. Kwa kujifunza jinsi prosesa inavyofikiri, bado inafaa kuliko nyingi za leo. Ugomvi ni kwamba tunaiandikia programu kwenye karatasi ya mtihani, kwa kalamu, na programu ambayo haijawahi kuendeshwa haina kosa hata moja. Simulesheni nazo huwasilishwa kama picha ya skrini. Kuna picha moja imezunguka madarasa matatu mfululizo, na pembeni kabisa, chini kulia, saa na tarehe ya aliyeifanya kwanza bado zinasomeka. Tutamwalika kwenye mahafali yetu. Ana kampuni sasa.

Lakini nisiwafiche, utaratibu huu una adui, naye ni mita inayofanya kazi.

Mwaka wa pili ilitokea bahati mbaya: mita moja ya zamani, ya mshale, ilikutwa nzima. Jaribio lenyewe lilikuwa la kitoto. Resista mbili, kila moja kiloomu 100, zimefungwa mfululizo kwenye volti 12. Kitabu kinasema kila resista itabeba volti 6. Mita ikasoma 4.8. Tukaigonga kwa kidole, 4.8. Tukabadilisha resista, 4.8. Grupu likafanya kile lilichofundishwa: likaandika 5.98 na kupata tiki. Mkaidi mmoja wa meza ya pili aliandika 4.8 kama alivyoiona. Ripoti yake ilirudi na mstari mwekundu na maneno "rudia jaribio kwa umakini".

Naomba wajumbe mniazime dakika mbili hapa, maana hapa ndipo ada yetu yote ya miaka minne ilipopita mbele ya macho yetu. Mita ile ilikuwa ya omu 20,000 kwa kila volti. Ukiiweka kwenye kipimo cha volti 10, yenyewe ni resista ya kiloomu 200. Ukiibana sambamba na resista ya kiloomu 100, viwili hivyo kwa pamoja vinakuwa kiloomu 67 hivi, na mgao wake wa zile volti 12 unashuka hadi 4.8. Mita haikukosea hata chembe. Ilisema kwa uaminifu volti zilizokuwepo pale ilipounganishwa, na ilikuwa inatueleza jambo ambalo hakuna mhadhara uliowahi kutuingizia kichwani: kwamba anayepima naye ni sehemu ya saketi. Somo zima la upimaji lilikuwa ndani ya ile volti 1.2 iliyopungua. Tuliifuta kwa tipeksi.

Nimewahi kumfikiria Georg Ohm, mwalimu wa sekondari mjini Cologne, angefanyaje katika maabara yetu. Mwaka 1825 alichapisha kanuni ya umeme katika waya, na ilikuwa si sahihi. Betri za wakati ule zilikuwa zinalegea kadiri unavyozivuta, zikamharibia vipimo. Mwanafizikia Poggendorff akamshauri aachane na betri, atumie kiungo cha metali mbili ambacho Seebeck alikuwa amekigundua miaka michache nyuma: ncha moja kwenye maji yanayochemka, nyingine kwenye barafu, umeme ukatulia. Akapima upya, na mwaka 1827 akatoa kitabu chenye kanuni ambayo leo mtoto wa kidato cha pili anaiimba. Wenzake walikipokea kwa ubaridi, akajiuzulu kazi. Nishani ya Copley kutoka Royal Society ya London ilimfikia 1841. Ukitazama vizuri, tatizo la Ohm lilikuwa moja tu: hakuwa na kitabu cha Ohm. Angekuwa nacho, angemaliza ripoti jioni ileile, R kamili, kosa asilimia 2, paralaksi.

Nirudi nyumbani, kwenye stoo. Ni kweli kwamba chuo kina osiloskopu mpya, na si haki kusema hakina. Tuliziona siku wageni wa ithibati walipokuja. Kuta zilipakwa rangi wiki hiyo, viti vikahesabiwa, na osiloskopu zikapangwa mezani zikiwa bado na nailoni kwenye kioo. Wageni waliziangalia, wakaandika. Sisi tuliziangalia, tukapiga selfi. Jioni zilirudishwa ndani, mlango ukafungwa, na ufunguo ukaondoka na mtunza stoo, ambaye tangu hapo ama yuko likizo ama yuko njiani kutoka likizo. Sababu tuliyopewa ni kwamba wanafunzi watazichoma.

Ni hoja nzito na inastahili jibu la kihandisi. Ndani ya kifaa kama hicho kuna kapasita za elektroliti. Kinachozifanya zifanye kazi ni tabaka jembamba la oksidi, na tabaka hilo hudumishwa na umeme wenyewe. Ukikiacha kifaa miaka mingi bila kukiwasha, tabaka linadhoofika, na siku utakapokichomeka kwa furaha kwenye volti 230, kapasita inaweza kuvuja, kuchemka au kupasuka. Kwa hiyo stoo yetu inazichoma osiloskopu hizo taratibu, kwa kufuli, bila msaada wa mwanafunzi hata mmoja. Kama lengo ni zife, heri zingekufa mikononi mwetu. Angalau tungejua harufu yake.

Sasa nije kwenye soko la ajira, maana najua Seneti huwa inauliza "wadau wanasemaje".

Fildi ya mwaka wa tatu niliifanya kwa mkandarasi mmoja, mtu mkarimu, jina lake nalisitiri. Tulikwenda kukabidhi ufungaji wa umeme kwenye jengo jipya, kiangazi, ardhi imekauka kama ukoko. Fomu ilitaka ukinzani wa nondo ya ethi. Kipimo hicho kina jasho: unapigilia kijiti mbali na nondo cha kupitisha mkondo, na kingine katikati, kwenye asilimia 62 hivi ya umbali huo, cha kusomea volti, kisha unasogeza na kurudia. Nyundo ilikuwepo. Mita ilikuwa kwenye gari jingine. Msimamizi alinisogezea fomu na kalamu, akasema, "Mdogo wangu, wewe si wa chuo? Jaza hizo."

Waheshimiwa, sijawahi kujisikia msomi kama siku ile. Pale hakuna kingine kilichohitajika, si Fourier, si Laplace, wala zile hesabu za Maxwell tulizokeshea. Kilihitajika kile tulichofundishwa Jumanne mchana mbele ya marehemu mota. Nilijaza? Nina A ya Maabara ya Mashine.

Tuseme ethi ya jengo lile kwa kweli ni omu 100, jambo lisilo la ajabu kwenye ardhi kavu, na fomu inasema 4.7. Siku waya wa moto ukigusa bodi ya jokofu, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 100, yaani ampia 2.3. Swichi ya ampia 20 iliyoko ukutani haitashtuka. Kwake hilo ni taa chache tu zimewashwa. Jokofu litaendelea kuunguruma, maji yatapoa, na bodi yake itabaki na volti zinazokaribia zile za waya wa moto. Kisha mtu atatoka bafuni peku, sakafu imelowa, afungue mlango achukue maziwa ya mtoto. Swichi za kinga za kisasa zimewekewa kizingiti cha miliampia 30 kwa sababu zaidi ya hapo moyo wa binadamu unaweza kuvurugika. Kama jengo lile lina swichi hiyo, sijui. Kwenye fomu, ipo.

Miaka michache baada ya mahafali, mimi na wapishi wenzangu tutapanga mstari mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, tutanyoosha mikono na kula kiapo. Kiapo nacho ni maneno kwenye karatasi, na karatasi ndiyo fani yetu.

Kwa msingi huo naomba Seneti iridhie Upishi wa Data I na II kuwa kozi za lazima, zenye yuniti zake, zifundishwe na wanafunzi wa mwaka wa nne ambao wamehifadhi ripoti za asili. Ada ya maabara ibadilishwe jina iitwe ada ya stesheneri, ili ilingane na inakokwenda. Na jina la shahada liongezewe maneno "kwa makadirio" kwenye cheti, kwa herufi ndogo, ili waajiri wasije kusema walidanganywa.

Iwapo Seneti itaona hilo ni gumu, ipo njia nyingine, ingawa siipendekezi kwa sababu ya usumbufu wake. Itabidi anayeandika 4.8 na kueleza kwa nini apewe marks nyingi kuliko anayeandika 5.98. Itabidi karatasi ya vipimo vya kwanza, yenye mikwaruzo, isainiwe na fundi sanifu kabla ya mwanafunzi kutoka mlangoni, na jaribio ambalo kifaa chake kimekufa liandikwe "halikufanyika", jambo ambalo litaharibu takwimu za idara kwa muhula mzima. Itabidi grupu liwe la watu watatu badala ya kumi na wawili, na stoo ifunguliwe. Kuna osiloskopu mbili tatu zitaungua, na kuna mkaguzi atauliza. Mtamjibu kwamba zimetumika.

Nasubiri majibu yenu kupitia mkuu wa idara, kama utaratibu unavyotaka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa nne
(jina linahifadhiwa hadi matokeo yatoke)

Nakala: Mtunza stoo, akirudi.

Kiambatisho: Jedwali la utafiti wangu kuhusu ripoti za maabara zilizopikwa katika idara yetu. Grafu iko tayari na mstari umenyooka vizuri. Vipimo nitaviwasilisha kabla ya Ijumaa.