Samaki Wasioliwa na Mpira wa Mita 20

Rungwe hatuna kesi na maji. Wilaya hii ni miongoni mwa zinazonyeshewa zaidi Tanzania nzima, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na hapa Lupepo viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Sasa mkazi wa mahali kama hapa anaumwaje mgongo kwa kubeba maji? Niulizeni mimi, mwenye tangi la samaki sebuleni.

Tangi lenyewe si la kutisha: urefu sentimita 90, upana 45, kina 50, yaani lita 200 na ushee. Ndani wamo mbuna, vile visamaki vya mawe vya Ziwa Nyasa, vya bluu na njano, ambavyo Ulaya na Marekani watu hulipa fedha nzuri ili wavitazame tu. Huku kwetu, ziwa likiwa hapo chini Matema, hakuna anayevisifu. Shemeji yangu wa Kyela, aliyekulia kwenye mbasa na usipa, aliviangalia kwa huruma akasema: “Shemeji, hawa hata paka hashibi.”

Kero ni kwamba samaki anakula na anakunya palepale anapolala. Kinyesi kinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, sumu vilevile, kisha nitrati, ambayo ina nafuu lakini inajaa na haiendi popote mpaka maji yatolewe. Kwa hiyo kila wiki unapunguza robo na kurudisha robo. Robo ni lita 50, na lita ni kilo. Kilo hamsini zitoke, hamsini ziingie, kwa ndoo, juu ya zulia, katikati ya makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na mama watoto. Tone moja likidondoka, kikao cha familia.

Ndipo nikanunua mpira. Fundi bomba alinishauri pampu, maana fundi hajawahi kushauri kitu cha bei rahisi. Pampu ya nini, na nyumba iko mtelemkoni kama nyumba zote za Rungwe? Mpira ukijaa maji, na mdomo wake wa nje ukiwa chini kuliko usawa wa maji ya tangi, yanatoka yenyewe bila kusukumwa. Kazi ni kuuanzisha. Mpwa wangu, dereva wa bodaboda, alisema hilo ni la kwake: akanyonya kwa mdomo kama wanavyovuta petroli. Yakaja kwa kasi kuliko petroli. Siku ile hakutaka chai. Siku hizi tunaujaza mpira kwenye koki kwanza na kuziba mdomo kwa kidole gumba.

Ule mwisho wa ndani nimeuvalisha chupa ya maji iliyokatwa kitako. Hapo ndipo raha yangu ilipo, na simwonei aibu mtu. Ukiichomeka kwenye kokoto, kokoto zinanyanyuka, zinacheza ndani ya chupa, kisha zinashuka. Uchafu wa kahawia unaendelea kupanda mpirani. Chupa ni pana, maji yanakwenda taratibu humo, kokoto zinashindwa kufika juu. Shingoni nimeweka kipande cha chandarua, kwa sababu mbuna ana umbea na anapenda kuchungulia.

Kurudisha maji ndiyo shughuli. Wamarekani wana mpira wa kufunga kwenye bomba la jikoni: unageuza kitufe, kasi ya bomba inavuta maji machafu, unageuza tena, masafi yanaingia. Hapa Lupepo, kwa kasi ya bomba letu, samaki wangezeeka wakisubiri. Halafu baridi. Samaki hawa wamezoea nyuzi 24 hadi 28. Maji yetu ya Julai yanauma meno. Basi pipa linalala ndani usiku kucha, juu ya meza iliyopita tangi kwa kimo, klorini ikiwepo itoke. Asubuhi naongeza maji ya moto ya birika na kupima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Mpira naubana kwa kibanio cha nguo ukingoni mwa tangi, la sivyo simu ikiita tu, unaruka na kwenda kuosha vitambaa.

Maji machafu yanaishia kwenye migomba nje ya dirisha. Mgomba wa kwanza ukashika ile rangi ya kijani iliyoiva, ukatoa mkungu unaohitaji nguzo. Nitrati ni mbolea hasa, na hilo nililisema mezani kwa mdomo wangu.

Sasa ratiba si yangu. Mama watoto anataka maji yatolewe kila siku, na Jumamosi yaelekezwe kwenye chainizi. Namweleza kwamba ukibadilisha mengi mno kwa mpigo, samaki wanapata mshtuko; ananijibu kwamba samaki wana maji ya kutosha, chainizi haina mbolea. Jirani naye amepita akiuliza kwa upole mpira una mita ngapi. Nikamwambia ishirini. Akaenda mpaka kwenye uzio, akageuka, akarudi akihesabu hatua kwa sauti, na mama watoto akamkaribisha ndani waongee.