"Yes" Iliyofungua Begi

Katika mazoezi ya mazungumzo ya Kiingereza, hakuna sehemu inayodharauliwa na wanaojifunza kama majibu mafupi, yaani yale ya kukubali na kukataa, kwa kuwa kila mmoja huamini kwamba "yes" ni ndiyo, "no" ni hapana, na mambo yameishia hapo. Imani hiyo hudumu mpaka mwenye nayo afike mpakani. Mkazi wa Mwimbi, wilayani Kalambo, Tanzania, anayevuka kwenda Mbala nchini Zambia akiwa na elimu ya kidato cha nne na begi lenye nguo mbili na mche wa sabuni, huulizwa na ofisa wa forodha swali lililokwisha kukanushwa: "You don't have anything to declare?" Naye, kwa unyoofu wake wote, hujibu "Yes", akimaanisha kwamba ni kweli, hana kitu. Ofisa husikia kwamba kitu kipo. Begi hufunguliwa, sabuni hunuswa, swali hurudiwa kwa sauti ya juu zaidi, na jibu lilelile hutolewa kwa sauti ya juu zaidi, maana mtu mwaminifu akishukiwa hukazana. Na kadiri anavyokazana ndivyo anavyokiri magendo asiyo nayo, huku foleni iliyo nyuma yake, ambayo haijaulizwa chochote, ikijaa wajuzi wa sarufi.

Utaratibu unaozaa balaa hili unastahili heshima. Kiswahili humjibu muulizaji: anayeambiwa "Hujala?" husema "Ndiyo, sijala", kwa kuwa anaafiki dhana iliyomo katika swali. Kiingereza hakimjali muulizaji hata kidogo. Hutazama kitenzi cha jibu, kikiwa yakinishi jibu huanza kwa "yes", kikiwa kanushi huanza kwa "no", swali liwe limeulizwa vyovyote vile. Wajapani hujibu kama Waswahili na hupata taabu ileile, ilhali Wafaransa na Wajerumani wametenga neno maalumu la kupinga swali kanushi. Waingereza nao walikuwa na mpango kama huo: "yea" na "nay" kwa maswali ya kawaida, "yes" na "no" kwa maswali kanushi, na mwaka 1532 mwandishi Thomas More alimkaripia mfasiri wa Biblia William Tyndale kwa kuyachanganya. Baadaye jozi moja ikaachwa itoweke katika mazungumzo ya kila siku, na hasara ya uzembe huo inalipwa hadi leo na watu wa Kalambo.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba mpaka wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ukawapitia Wamambwe katikati, kiasi kwamba ndugu wanaoelewana vizuri kwa Kimambwe hulazimika kutoelewana kwa Kiingereza.

Makosa mengine ya wanaojifunza ni madogo. Yupo anayemwita mama yake mzazi "he", kwa kuwa Kiswahili hakibagui jinsia katika nafsi ya tatu. Yupo pia anayeuliza "Did you went?", akilipia wakati uliopita mara mbili.

Lakini mchezo huu huisha darasani. Mtoto wa Kalambo aliyefundishwa masomo yake kwa Kiswahili miaka saba hupokewa kidato cha kwanza na biolojia ya Kiingereza, ingawa Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili, na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Mtoto anayeweza kueleza vizuri jinsi jani linavyotengeneza chakula huandikiwa sifuri kwa sababu hakueleza kwa lugha ya watu wengine, na matokeo yakitoka huambiwa kwamba hakufanya mazoezi ya kutosha.